RDT inasema ndiyo, slaidi inasema hakuna: kupima malaria kwa njia mbili na kuelewa majibu yakigongana

Mvua za masika zikianza hapa Malindi, wanafunzi wa maabara wanaoletwa kwetu kwa mazoezi huniuliza maswali yale yale ya mwaka jana. Mstari hafifu kwenye RDT, ile kaseti ndogo ya kupima malaria kwa haraka, ni malaria au si malaria? Mbona mtoto amemaliza dawa na kaseti bado inatoa mistari miwili? Na lile linalowasumbua zaidi: kaseti ikisema ndiyo na slaidi, kile kioo cha damu tunachosoma kwa hadubini, ikisema hakuna, nimwandikie daktari nini?

Nimeyajibu haya kwa mdomo na kwa simu za usiku. Sasa nayaandika, hatua kwa hatua, kwa ajili yako uliyeanza juzi na umeachwa peke yako kwenye meza ya maabara ya zahanati, nje foleni imefika mlangoni.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: vipimo hivi viwili havijibu swali moja. RDT inauliza, "Je, kwenye damu hii kuna protini ya kimelea cha malaria?" Hadubini inauliza, "Je, vimelea vyenyewe vimo sasa hivi, ni vya aina gani, na ni vingapi?" Ukilielewa hilo, nusu ya ugomvi kati ya kaseti na slaidi unaisha wenyewe.

Nadharia, kidogo tu

RDT nyingi tunazotumia hutafuta protini iitwayo HRP2, inayotolewa na *Plasmodium falciparum*, ambacho ndicho kimelea kinachosababisha sehemu kubwa kabisa ya malaria nchini Kenya. Vimelea vikishakufa kwa dawa, HRP2 haiondoki siku hiyo. Hubaki kwenye damu wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi. Ni kama udi: kaa limezimika kwenye chetezo, lakini harufu ingali kwenye mapazia.

Hadubini haina habari na harufu, inatafuta kaa lenyewe. Ndivyo Alphonse Laveran alivyokiona kimelea kwa mara ya kwanza mwaka 1880 akiwa Algeria, na tangu Gustav Giemsa alipotengeneza rangi yake mwaka 1904 tunafanya karibu vile vile. Udhaifu wake ni kwamba inategemea jicho, mkono, rangi, maji na subira ya mtu mmoja. Msomaji hodari huona hata vimelea 50 kwenye maikrolita moja ya damu, na chini ya hapo. Kwa maabara yenye haraka na rangi mbaya, kiwango hicho ni ndoto. RDT nzuri hukamata kuanzia vimelea 100 au 200 hivi, hata mikononi mwa mtu aliyefundishwa wiki iliyopita.

Andaa hivi kabla ya kumwita mgonjwa

- Kaseti za RDT ambazo tarehe yake haijapita, pamoja na karatasi ya maelezo na chupa ya bafa (kimiminika cha kusukuma damu ndani ya kaseti) kutoka boksi lile lile. Usichanganye bafa ya boksi moja na kaseti za boksi jingine, hata kama chupa zinafanana.
- Lanseti, pamba, spiriti, glavu, na sanduku la sindano lililo karibu na mkono wako.
- Saa yenye kengele. Simu inatosha.
- Slaidi safi zenye upande wa kuandikia, na penseli. Wino wa kalamu hufutika kwa methanoli.
- Methanoli, rangi ya Giemsa na maji ya bafa (yaliyotiwa vidonge vya kurekebisha asidi) ya pH 7.2.
- Hadubini yenye lenzi ya mafuta ya 100, mafuta yake, na karatasi laini ya kufutia lenzi.
- Vihesabio viwili vya mkono, kimoja cha vimelea na kimoja cha chembe nyeupe.
- Daftari la maabara.

Mambo mawili kwenye orodha hii yanaharibu kazi huku Pwani kuliko yote, nayo ni maji na joto.

Visima vingi vya mjini vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe. Maji yake yana chumvi na chokaa, na ukiyachanganya na Giemsa utapata slaidi ya buluu tupu, bila ile nukta nyekundu ya kiini cha kimelea ambayo ndiyo unayoitafuta. Nimeona mwanafunzi akisoma slaidi kumi za namna hiyo mfululizo na kuandika "hakuna" kumi. Tumia maji yaliyotiwa vidonge vya bafa, upime pH kila asubuhi. Hata maji ya mfereji usiyaamini kabla ya kuyapima.

Joto nalo huua RDT kimyakimya. Vifaa vingi vinataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 30, vingine vinavumilia hadi 40. Soma boksi lako. Chini ya bati, msimu wa kaskazi, rafu ya juu hupita 30 kabla ya adhuhuri. Weka kaseti kabati la chini, mbali na dirisha, na kipimajoto kando yake. Usiziweke kwenye friza. Zinazopelekwa vijijini kwa pikipiki zisiachwe juani nyuma ya kiti wakati mwenye pikipiki anakunywa chai Kakuyuni.

Hatua 1. Uliza kabla ya kutoboa

Uliza mambo matatu, uyaandike: ametumia dawa ya malaria ndani ya wiki nne zilizopita? Ni mjamzito? Ana dalili ya hatari?

Swali la dawa liulize mara mbili, kwa maneno mawili tofauti. Ukimuuliza nyanya, "Mtoto ametibiwa malaria?" atakwambia hapana, kwa sababu hajapelekwa hospitali. Muulize, "Nyanya, tangu mwezi huu uandame, mjukuu amekunywa vile vidonge vya njano, hata vya dukani?" Hapo atakumbuka. Vidonge vya njano ni AL (artemether-lumefantrine, dawa ya malaria), na jibu hilo moja litakusaidia baadaye kuliko lenzi yoyote.

Dalili za hatari ni degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa au kunyonya, kupumua kwa shida, kupauka sana, na mkojo mweusi. Ukiona mojawapo, mwite daktari au afisa wa kliniki papo hapo. Fanya RDT na uchukue damu ya slaidi, lakini matibabu yasisubiri slaidi ikauke.

Hatua 2. Andika namba kwanza

Namba ya mgonjwa na tarehe kwenye slaidi, kwa penseli. Namba ile ile kwenye kaseti. Fanya hivyo kabla damu haijatoka. Ukiwa na watoto watatu wa nyumba moja, wote wanalia, hutakumbuka kaseti ipi ni ya nani.

Mfuko wa kaseti ufungue sasa, si asubuhi. Angalia kifuko cha kunyonya unyevu kilichomo ndani: kikiwa kimebadilika rangi kinyume na maelezo ya boksi, au mfuko una tundu, tupa uchukue kingine. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kaseti iliyofunguliwa saa mbili kabla haifai kuaminiwa.

Hatua 3. Toboa

Kidole cha kati au cha pete, mkono asiotumia sana. Mtoto mchanga, kisigino. Safisha kwa spiriti, kisha *iache ikauke*. Spiriti mbichi huharibu chembe na kulitawanya tone. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, futa tone la kwanza kwa pamba kavu, halafu bonyeza polepole. Ukikamua kwa nguvu unatoa majimaji ya nyama pamoja na damu, na unapunguza vimelea mwenyewe.

Hatua 4. Kaseti kwanza

Jaza kile kimrija au kijiko kidogo cha kuchotea hadi alama yake. Kwa vifaa vingi ni maikrolita 5, tone dogo kuliko unavyodhani. Gusisha kwenye kitundu cha damu. Kisha shika chupa ya bafa wima kabisa na udondoshe idadi ya matone iliyoandikwa kwenye maelezo, kwenye kitundu *cha bafa*. Makosa ya kila wiki ni mawili: bafa kwenye kitundu cha damu, na chupa iliyoinamishwa hadi matone yakatoka madogo.

Washa saa hapo hapo.

Hatua 5. Slaidi, kwa kidole kile kile

Kama damu imeanza kuganda kidoleni, ifute utoe nyingine. Kwenye slaidi moja weka tone dogo katikati kwa ajili ya utando mwembamba (wa kutambua aina ya kimelea), kisha matone mawili au matatu makubwa zaidi, karibu sentimita moja kutoka lile la kwanza, kwa ajili ya tone nene (la kutafuta na kuhesabu vimelea). Mpe mgonjwa pamba abane kidole, na lanseti iende kwenye sanduku la sindano kabla hujafanya jingine.

Utando mwembamba: gusisha ukingo wa slaidi ya pili kwenye tone dogo, uache damu itambae kwenye ukingo, iinamishe kama nyuzi 45, kisha isukume mbele kwa mkono mmoja usiosita.

Tone nene: kwa kona ya slaidi hiyo ya pili, unganisha yale matone makubwa kwa mizunguko michache, upate duara la upana wa karibu sentimita moja. Usikoroge kama unasonga sima. Mara tatu au nne zinatosha. Likiwa bado bichi, liweke juu ya maandishi ya gazeti: herufi zikisomeka kwa shida kidogo, unene ni sawa. Zisiposomeka kabisa, damu ni nyingi na itabanduka. Zikisomeka kama hakuna kitu, damu ni kidogo na utakosa vimelea.

Hatua 6. Kausha kwa subira

Hapa ndipo slaidi nyingi za Malindi zinapofia. Wakati wa masika hewa ni nzito na tone nene laweza kukaa saa nzima na zaidi likiwa bado linang'aa katikati. Likipakwa rangi hivyo, utaliona likielea na kuondoka na maji, na mgonjwa keshaondoka kwenda Ganda.

Laza slaidi sawasawa, pasipo kuinama, ndani ya sanduku lenye wavu. Nzi na sisimizi hula damu. Ukiona tone nene lina mashimo ya mviringo yaliyochongwa safi, ni wao. Feni ya taratibu inaruhusiwa. Jua na jiko haviruhusiwi: joto hulikaanga tone nene, chembe nyekundu hazipasuki tena, na ukitia rangi huoni chochote kupitia ukungu wa damu. Kwa sababu hiyo hiyo usilaze slaidi siku mbili tatu bila rangi.

Hatua 7. Soma kaseti kwa wakati wake

Vifaa vingi husomwa dakika ya 15, vingine ya 20. Kabla ya hapo usiseme chochote, na baada ya dakika 30 usiisome tena.

- Mstari wa C (unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi) na mstari wa T (wa malaria yenyewe): ina malaria, hata kama wa T ni hafifu kama mvuke kwenye kioo. Ndani ya muda wake, *mstari hafifu ni mstari*.
- C peke yake: haikuonekana malaria.
- Hakuna C: kipimo hakikufanya kazi, hata kama T imetoka. Rudia kwa kaseti mpya.

Nitakueleza kwa nini nashikilia saa. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliacha kaseti ya mtoto mezani nikashughulikia mengine, nikarudi baada ya zaidi ya saa moja. Kulikuwa na kivuli cha mstari kwenye T. Nikaandika chanya. Mtoto akapewa AL akaenda nyumbani. Siku ya pili alirudishwa akihema, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Ilikuwa nimonia tangu mwanzo. Alilazwa akapona, lakini siku mbili zile nilizichukua mimi kwa kusoma kaseti iliyokwisha muda.

Hatua 8. Fiksisha na upake rangi

Utando mwembamba hufiksishwa, yaani damu hushikishwa kwenye kioo, kwa methanoli kwa sekunde moja au mbili. Tone nene *kamwe*. Inamisha slaidi ili methanoli isitiririkie upande wa pili, na uikaushe ikiwa imeinama hivyo hivyo.

Kwa mgonjwa anayesubiri, tumia Giemsa ya asilimia 10: mililita 1 ya rangi na 9 za maji ya bafa, dakika 10 hadi 15. Kwa slaidi nyingi zisizo na haraka, asilimia 3: mililita 3 na 97, dakika 45 hadi 60. Ya pili hutoa picha nzuri zaidi, na ukiweza kuisubiri, isubiri. Rangi iliyochanganywa asubuhi haitumiki kesho yake, na usiingize kijiko au bomba lenye maji kwenye chupa mama.

Muda ukifika, usiimwage rangi kwa kuinamisha slaidi. Utando unaong'aa juu yake utashuka na kulala kwenye damu kama vumbi jeusi. Mimina maji ya bafa polepole pembeni mpaka utando huo uelee na kuondoka. Simamisha slaidi ikauke.

Hatua 9. Soma slaidi bila kujua kaseti ilisema nini

Wengi huiruka hatua hii, na ndipo ulinganisho unapopoteza maana. Ukishajua kaseti ni chanya, utatafuta mpaka upate "kimelea" kwenye chembe ya uchafu. Ukijua ni hasi, utachoka kwenye uga wa thelathini. Mkiwa wawili, mmoja asome kaseti na mwingine slaidi, muonyeshane baadaye. Ukiwa peke yako, andika jibu la kaseti kwenye karatasi, ikunje, mpe daktari, kisha soma slaidi pamoja na nyingine za asubuhi ile bila kufuata mpangilio.

Anza na tone nene. Duara zima unaloliona kwenye lenzi ndilo uga. Tafuta sehemu yenye chembe nyeupe 10 hadi 20 kwenye kila uga. Kimelea kina rangi mbili: nukta nyekundu ya kiini na utepe wa buluu pembeni yake. Nukta bila buluu si kimelea. Chembe sahani za damu ni za zambarau na hazina utepe. Mabaki ya rangi ni meusi na hukaa kimo tofauti: zungusha kirekebishi kidogo, ukiona kitu kinang'aa huku chembe nyeupe zilizo kando zimefifia, hicho ni uchafu.

Usiandike "hakuna" kabla ya kupitia nyuga 100. Hesabu kweli. Zitakuchukua dakika kumi hivi ukiwa mzoefu, na zaidi ukiwa mgeni, na hakuna njia ya mkato.

Ukiona vimelea, nenda kwenye utando mwembamba ujue ni vya aina gani. Vya falciparum ni pete nyembamba, mara nyingi zenye nukta mbili, na chembe moja nyekundu yaweza kubeba pete zaidi ya moja. Ukiona umbo la ndizi, hiyo ni hatua yake ya uzazi. Maumbo hayo ya ndizi peke yake, bila pete, kwa mtu aliyemaliza dawa, hayana maana kwamba dawa imeshindwa. Yaandike kama yalivyo na umweleze daktari.

Hatua 10. Hesabu

Achana na kukadiria wingi wa vimelea kwa misalaba (+, ++, +++). Misalaba yako na yangu haifanani. Hesabu vimelea huku ukihesabu chembe nyeupe mpaka 200. Vimelea visipofika 100, endelea mpaka chembe nyeupe 500. Kisha:

vimelea × 8000 (makadirio ya chembe nyeupe kwa maikrolita) ÷ chembe nyeupe ulizohesabu

Vimelea 340 kwa chembe nyeupe 200 ni 13,600 kwa maikrolita. Vimelea 12 kwa chembe nyeupe 500 ni 192. Namba hii RDT haiwezi kukupa, na daktari anaihitaji ajue kama dawa inafanya kazi.

Hatua 11. Sasa yaweke pamoja

*Yote mawili ndiyo.* Ana malaria. Mpe daktari hesabu na aina.

*Yote mawili hapana.* Homa hii tafuta chanzo kingine, na usipeane AL "kwa usalama". Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya dawa, na Pwani yetu ina sababu zake: chikungunya ililipuka Lamu mwaka 2004, dengi nayo imekuwa ikirudi, na watu wengi mwanzoni hudhani ni malaria tu. Homa ikiendelea, rudia vipimo kesho yake.

*RDT ndiyo, slaidi hapana.* Rudi kwenye jibu la Hatua 1. Kama amekunywa dawa ndani ya wiki nne, huenda unanusa udi wa malaria iliyokwisha; daktari atafute chanzo kingine cha homa ya sasa. Kama hajanywa chochote, usiikimbilie slaidi kwa sababu tu ni kipimo cha wakubwa. Yawezekana vimelea ni vichache, au tone nene lilibanduka nusu, au ulichoka. Mwombe mwenzako aisome upya, na daktari amtibu kwa kufuata RDT. Mama mjamzito aangaliwe kwa makini zaidi: vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma, damu ya kidole ikawa safi huku HRP2 ikionekana.

*RDT hapana, slaidi ndiyo.* Kwanza mwonyeshe mtu wa pili hicho ulichokiona. Akikubali, mgonjwa anatibiwa, kisha tafuta sababu. Kaseti ziliiva kwa joto? Kimelea si falciparum na kaseti yako inatafuta HRP2 peke yake? Vimelea ni vingi kupita kiasi? Mara chache protini ikizidi mno mstari hushindwa kujitokeza. Na wako falciparum waliopoteza jeni ya HRP2: waligunduliwa kwanza Peru, na Eritrea ililazimika kubadilisha aina ya RDT kwa sababu yao. Slaidi ya namna hii usiitupe. Itie sandukuni, umjulishe msimamizi wa maabara wa eneo lako.

Ukitaka kujua maabara yako iko wapi

Chukua daftari, pima watu 60 wenye homa kwa njia zote mbili, ujaze visanduku vinne. Tuseme, kwa mfano tu, umepata: zote ndiyo 11, RDT peke yake 5, slaidi peke yake 1, zote hapana 43. Slaidi zenye vimelea ni 12 na RDT ilikamata 11, yaani asilimia 92. Slaidi zisizo na vimelea ni 48 na RDT ilikubali 43, yaani asilimia 90.

Usikimbilie kusema RDT "ilikosea" mara tano. Wafuate wale watano. Wakiwa watatu walikunywa dawa mwezi huo na mmoja ni mjamzito, basi RDT ilijibu swali lake vizuri, nawe ulikuwa ukiisahihisha kwa jibu la swali lingine. Slaidi zilizogombana na RDT zisomwe na mtu wa pili asiyejua chochote, na mkitofautiana, wa tatu aamue.

Jambo jingine la huku kwetu: malaria imepungua Kilifi ukilinganisha na miaka ya 1990. Ni neema, lakini jicho linazoea "hakuna". Unaweza kusoma wiki nzima bila kuona pete. Weka slaidi chache zilizothibitishwa, chanya na hasi, uzisome kila Jumatatu kabla ya za wagonjwa.

Mambo yakiharibika

*Slaidi nzima ni buluu.* Maji yana pH ya juu. Badilisha maji, si rangi.

*Slaidi nzima ni ya waridi na chembe nyeupe hazina kiini cha kueleweka.* Maji yana asidi, au rangi ni ya zamani. Changanya upya.

*Tone nene limebanduka.* Lilikuwa bichi, nene kupita kiasi, au slaidi ilikuwa na mafuta ya vidole. Shika slaidi kwa kingo.

*Tone nene linaonyesha chembe nyekundu nzima.* Limefiksishwa kwa methanoli iliyotiririka au kwa joto. Chukua damu upya.

*Kaseti imebaki nyekundu, mistari haionekani.* Damu ilizidi au bafa ilipungua. Rudia.

*Kaseti kadhaa mfululizo hazitoi C.* Boksi limeharibika. Lisimamishe lote, uandike namba yake ya toleo, utoe taarifa.

*Mgonjwa anataka RDT ili ajue kama amepona.* Mweleze kwa upole kwamba inaweza kusema ndiyo hata akiwa mzima. Kama homa imebaki au imerudi baada ya dawa, kipimo chake ni slaidi yenye hesabu.

*Hadubini imeharibika, au umeme umekatika tangu asubuhi.* RDT peke yake inatosha kuanza matibabu au kutoyaanza. Chukua damu ya slaidi hata hivyo, ikaushe, fiksisha utando mwembamba, ukapake rangi na kuisoma umeme ukirudi, au uipeleke kituo kilicho karibu ndani ya siku hiyo.

*Wewe ni mhudumu wa afya ya jamii, una RDT tu, na uko Marafa.* Fuata kaseti. Lakini mtu aliyekunywa dawa ndani ya wiki nne na homa imemrudia, au mwenye homa ambaye kaseti imesema hapana na hali inazidi, usimrudishe nyumbani. Andika jibu, saa uliyosoma, na jina la dawa aliyokunywa, umpe karatasi hiyo mkononi aende nayo kituo chenye hadubini.